Mwalimu wa Taaluma na Kopo la Kona

Mkasi wa mwalimu wetu wa taaluma ulikuwa mkasi wa fundi cherehani, mzito, umezungushiwa kitambaa cheusi kwenye mpini, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukata kona. Kila tulipofanya mtihani wa utamilifu, ule ambao kidato cha sita wote wanauita mock, walimu wa masomo wakishasahihisha walimletea mafungu ya karatasi ofisini kwake. Kabla hajaturudishia, aliikata kila karatasi ile kona ya juu kulia ilipoandikwa jumla ya alama. Karatasi tulipewa siku hiyo hiyo. Kona ziliingia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo likapandishwa juu ya kabati, na usumbufu wetu ukaanzia hapo.

Sharti lake lilijulikana hadi kwa mpishi. Ukitaka kona yako unakwenda na karatasi yako saa kumi jioni, unaketi kwenye benchi, unamtajia kila alama uliyoikosa: ilikuwa ya swali gani na ilikupotea kwa sababu gani. Ukimaliza anakupa kona, unaiangalia, na mara nyingi unajiona mjinga, maana kufikia hapo ulikuwa unaijua tayari. Ukishindwa kutaja, unarudi kesho. Mwenzetu mmoja wa sayansi alirudi siku sita kwa karatasi moja ya kemia.

Bila shaka mtu angeweza kujumlisha mwenyewe alama za pembeni mwa kila swali. Tulimwambia hivyo, tukidhani tumemshika. Akacheka mpaka tumbo likatikisika, akasema anayejumlisha mwenyewe lazima apitie swali kwa swali, na hicho ndicho anachokitaka yeye, kwa hiyo tujumlishe tu.

Watu wengi wamefika chuo kikuu kwa mkono wa mtu huyu. Yeye mwenyewe hakufika. Nilikuja kujua kwamba ndicho kitu alichokitamani kuliko vyote, na kwamba alikikosa kwa sababu ya namba moja iliyoandikwa kwenye karatasi. Nitafika huko. Kwanza nimweleze alivyokuwa, kwa sababu ukimweleza kwa masikitiko utakuwa umemkosea. Alikuwa mtu wa kuchekesha, na alijijua kuwa anachekesha.

Alikuwa mfupi, mnene wa wastani, mwenye mashati ya mifuko miwili. Mfuko wa kushoto ulikaa kalamu nyekundu. Wa kulia ulikaa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo kwetu Usukumani mtu anaweza kusafiri navyo mpaka akasahau kwamba kuna hoteli. Ukimpelekea shida yoyote, jambo la kwanza ni kupewa kipande. Kipande ni kigumu, lazima utafune kwa bidii, na kwa muda huo huwezi kulia wala kujitetea. Nina hakika alilijua hilo. Wasichana wa bweni letu walisema ofisi yake ndiyo pekee shuleni ambayo mtu anaingia na machozi na kutoka na kiu.

Shule yetu ilikuwa nje ya mji wa Shinyanga, upande wa kwenda Kolandoto, na wanafunzi walitoka kila mahali. Walikuwepo watoto wa wafugaji ambao Kiswahili walikikuta darasani, na watoto wa wachimbaji wa Geita ambao baba zao walitoka Kigoma, Tanga na Singida wakifuata dhahabu. Yeye wote aliwasemesha kwa lugha ya ng'ombe. Alisema mzee mwenye mifugo hasimami mlangoni mwa zizi akawahesabu kwa kidole. Wazee wa kwetu huona hata ni mkosi. Anawaangalia wakiingia, mmoja mmoja, na asipomwona mmoja anasema yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika hajarudi. Hapo anaweza kumtafuta. Anayejua tu kwamba wamepungua watatu, alisema, ataishia kukaa zizini akilia.

Alama zilizopotea kwake zilikuwa za aina tatu, na aina zote zilikuwa na majina. Aliyejibu kitu ambacho hakuulizwa, alama zake zimeingia shamba la jirani. Aliyeanza vizuri akaacha katikati, zake zimelala njiani. Na zile za mada ambayo mtu hakuwahi kuisoma kabisa, hao walikuwa ndama ambao hawajazaliwa. Wa shamba la jirani na waliolala njiani, alisema, hawahitaji akili mpya, wanahitaji mchungaji. Mwanafunzi mmoja ambaye mama yake alikuwa mpishi kwenye kambi ya mgodi alimwambia kwa adabu kwamba yeye hajawahi hata kumgusa ng'ombe. Mwalimu akamjibu kwamba maziwa yake anakunywa, na wakaendelea na swali la nne.

Sasa mtu akisikia hivyo atadhani alikuwa adui wa namba zote. Hapana. Jumatatu asubuhi, kabla ya paredi, alikuwa anaweza kukutajia msimamo wa ligi kuu yote kuanzia juu mpaka chini, na magoli ya kufunga na kufungwa, bila kutazama popote. Timu yake ilipokuwa ya tatu alitembea kama mgonjwa. Tulipomuuliza kwa nini yeye anaruhusiwa kuangalia jumla na sisi haturuhusiwi, alifikiri kidogo, akasema timu ikishika nafasi ya mwisho haibebi godoro ikarudi kwao. Tulicheka. Sikujua wakati huo maneno hayo aliyatoa wapi.

Tena alikuwa mtu mkweli kupita kiasi, aliyeweza kumrudisha mwanafunzi toka bwenini aje kukiri nusu alama aliyoongezewa kwa makosa. Lakini mwaka nenda mwaka rudi mtu huyu alimdanganya mkuu wa shule. Mkuu alitaka matokeo ya mock yabandikwe ubaoni, wa kwanza mpaka wa mwisho, ili wazembe waone aibu. Mwalimu wa taaluma aliitikia vizuri kabisa, na kila mwaka mashine ya kurudufu ilikuwa mbovu, au wino umekwisha, au orodha imelowa maji ya mvua, hata mwaka ambao mvua haikunyesha. Mkuu aliacha kuuliza. Nadhani aliona kwamba kushindana na mtu anayetafuna viazi huku akikuangalia kwa heshima ni kazi bure.

Siku wauguzi walipokuja shuleni kupima afya, yeye alipanda kwenye mizani akafumba macho, akamwomba yule dada muuguzi aandike tu, asitamke. Tulimzomea. Akasema mnaona, hata mimi.

Barua za wazazi zilimshinda, kwa sababu zilitoka ofisi ya mkuu. Humo jumla ya pointi iliandikwa kwa wino mzito. Mzazi mmoja wa kule vijijini, mfugaji mkubwa, aliletewa barua kwamba kijana wake amepata pointi kumi na tisa. Jirani yake, ambaye mtoto wake alisoma nasi pia, aliletewa barua ya pointi nane. Kila aliyepita kidato cha sita anajua kwamba pointi chache ndizo nzuri na kwamba kumi na tisa ni kilio. Lakini yule mzee alijua ng'ombe, na kwenye ng'ombe kumi na tisa ni wengi kuliko nane. Akachinja mbuzi. Akaita watu. Jirani yake mwenye mtoto wa pointi nane alikuja na sura ya kufiwa, akala nyama ya kumpongeza mwenzake.

Mwalimu wa taaluma alialikwa, na alikwenda. Tulimsubiri arudi tujue alimwelezaje yule mzee. Hakumweleza. Alikula, akasimama, akasema wabeja sana, asanteni, kwa wenyeji, akamsifu mbuzi. Kisha akamwita kijana pembeni, aliyekuwa amejificha nyuma ya ghala kwa aibu, akamwambia kwamba mbuzi ametangulia, kazi yake sasa ni kumfuata. Jumatatu kijana alikuwa wa kwanza kwenye benchi saa kumi. Mtihani wa taifa alifaulu daraja la pili, na baba yake, tulivyosikia, alishangaa kidogo kuona pointi zimepungua, lakini alikuwa ameshazoea kufurahi.

Mimi nilikuwa nasoma uchumi, jiografia na hesabu. Mama yangu ni muuza mchele Kahama, sokoni, na alinilea peke yake kwenye harufu ya magunia. Hesabu zilinishinda kuanzia mwanzo. Mock ya kidato cha sita, ile ya mkoa, nilitoka chumba cha mtihani nikiwa najua kabisa mambo si mazuri, na karatasi iliporudi ikiwa imekatwa kona niliitia chini ya godoro bila kuifungua. Kujumlisha mwenyewe kungetaka niifungue. Sikuwa na moyo huo. Nilitaka namba tu, basi.

Kwa hiyo siku ya pili, wenzangu wakiwa paredini, niliingia ofisini kwake, nikapanda kiti, nikashusha kopo. Kona zilikuwa zimefungwa kwa uzi kwa kila mwanafunzi, na jina nyuma. Nikafungua uzi wa zangu. Jiografia arobaini na tatu. Uchumi thelathini na sita. Hesabu ishirini na nane. Nilipiga pointi zangu palepale juu ya kiti: kumi na nane, daraja la nne. Kwa matokeo hayo hakuna chuo kikuu kinachokupokea. Nikazifunga tena, nikarudisha kopo, nikaenda bwenini, nikafunga tranka. Nilikuwa nimeamua. Kahama mama alihitaji msaada, na mchele hauna kona.

Mlinzi wa getini hakunifungulia, kwa sababu sikuwa na ruhusa. Akamtuma mtu amwite mwalimu wa zamu, na akaja yeye, taratibu, mikono nyuma. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa. Akaitikia marahaba, akaketi juu ya tranka langu, akanipa kipande cha kiazi.

"Tranka lina nini?"

"Nguo, Mwalimu."

"Na karatasi ya hesabu?"

Niliendelea kutafuna. Ilikuwa bado chini ya godoro. Akatikisa kichwa, akasema uzi wa kona zangu ulifungwa fundo la kike na yeye hufunga fundo la kamba ya ng'ombe, kwa hiyo asubuhi alikwisha jua. Nilingoja matusi. Badala yake akasema:

"Mimi niliondoka."

Ndivyo nilivyojua. Alipokuwa kidato cha sita, shule nyingine, matokeo ya mock yalibandikwa ubaoni wa kwanza mpaka wa mwisho. Jina lake lilikuwa la tatu kutoka chini. Alisoma jumla, akafunga godoro lake, akaondoka jioni ile ile, miezi mitatu kabla ya mtihani wa taifa. Hakuufanya kamwe. Aliingia chuo cha ualimu kwa cheti cha kidato cha nne, stashahada akaja kuisomea akiwa kazini, na darasa la kidato cha sita alilolipanga na kulisimamia miaka yote hakuwahi kulimaliza mwenyewe. Karatasi zake za mock aliletewa nyumbani na mwenzake wa dawati. Alizifungua miaka mingi baadaye, akiwa tayari mwalimu. Kila karatasi ilitaka maswali matano. Kila karatasi alijibu manne, kwa sababu alikuwa na mwandiko wa taratibu na alikuwa anapenda kupamba herufi.

"Walikuwa wamelala njiani," alisema. "Ningewapigia mluzi tu wangeamka."

Kisha akaniambia kwamba siku moja ataufanya ule mtihani, na kwamba nisimwambie mtu. Nikaapa. Akainuka, akalibeba tranka mwenyewe mpaka bwenini, akihema, akilalamika kwamba wasichana wanasafiri na mawe.

Jioni ile niliifungua karatasi ya hesabu kwenye benchi lake. Tulikaa siku nne. Kwenye zile alama sabini na mbili nilizokosa, ishirini na sita zilikuwa za shamba la jirani au zimelala njiani: nimenakili swali vibaya, nimeacha hatua ya mwisho, nimeweka ishara ya kujumlisha pale ilipotakiwa ya kutoa. Nilizitaja moja moja, na kila nikitaja naye anapiga mstari. Mwisho akaniuliza ishirini na nane na ishirini na sita ni ngapi. Nikasema hamsini na nne. Akasema hiyo ndiyo niliyoipata, ila nimeisahau njiani, nirudi nikaichukue. Nililia, nikiwa na kiazi mdomoni, kwa hiyo huenda nadharia yake haikuwa sahihi kabisa.

Niliichukua. Hesabu nilipata D, na masomo mengine mazuri zaidi. Leo mimi ni mpima ardhi, ninaishi Kalangalala pale Geita, na kila ninapokosea kipimo sianzi upya. Narudi nyuma hatua kwa hatua nikitafuta kilipolala. Vijana ninaofanya nao kazi wananicheka kwa hilo. Siri ya mwalimu niliitunza. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yalipotoka nilijiuliza kama alikwisha jiandikisha, na kila mwaka nilisikia kwamba yupo tu, anakata kona za watu wengine. Kisha nikasikia amestaafu, na nikafikiri basi, imeisha, hataufanya tena. Iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Mwaka jana, mwezi wa pili, nilikwenda Kahama kumwona mama. Nilipofika sokoni mama akanyanyua kidevu kuonyesha upande wa fundi cherehani na kuniambia kwamba mwalimu wangu yuko mjini, na ana siku tatu anapita hapo, anasalimia, anauangalia mchele kama anausahihisha, halafu anaondoka bila kununua. Kabla hajamaliza, akatokea. Alikuwa amepungua mwili. Shati lilikuwa lile lile la mifuko miwili, na kwapani alikuwa amebana bahasha ya kaki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kabula. Bado unagombanisha watu kwenye mipaka?"

Akaketi juu ya gunia, akatugawia viazi, mimi na mama. Aliongea habari za ligi, za mvua, za mwanafunzi wetu mmoja aliyefungua duka la vipuri. Bahasha hakuiweka chini. Mwishowe mama, ambaye hana subira, akamuuliza kama hiyo bahasha ni ya hospitali. Akasema hapana, afadhali ingekuwa ya hospitali.

Alikuwa amejiandikisha. Mtahiniwa wa kujitegemea, historia, jiografia na Kiswahili, mtihani wa taifa mwezi wa tano. Watu walimwambia kwamba kwa stashahada yake angeweza kuomba chuo kwa njia nyingine, bila mtihani huo. Yeye aliwajibu kwamba ng'ombe hutafutwa kwenye njia aliyopotelea. Alikuwa anasoma kwenye kituo cha jioni hapo Kahama, pamoja na vijana walio wadogo kuliko mtoto wake wa mwisho, wanaomwita Babu na wanaomtunzia kiti cha mbele. Walikuwa wamefanya mock. Matokeo yalikuwa kwenye bahasha.

"Siendi," alisema. "Nimeona jumla. Nimekuja kuaga tu, nikakosa la kumwambia mama yako."

Nilimwomba bahasha, akanipa. Karatasi tatu. Ukurasa wa kwanza wa kila moja ulikuwa na alama ya kidole kwenye kona ya juu kulia, na kurasa za ndani zilikuwa bado zimegandana kama zilivyotoka kwa msahihishaji. Mtu huyu, aliyetukalisha benchi miaka yote, hakuwa amefungua hata moja. Nilihisi hasira na upendo kwa pamoja, na nikajua cha kufanya. Nilivuka kwenda kwa fundi, nikaazima mkasi, nikarudi, nikakata kona tatu mbele ya macho yake. Alitulia kama mtu anayenyolewa. Kona nikazitia kwenye kopo la mama la kupimia mchele, nikalifunika kwa kiganja. Mama akaanza kuuliza atapimia nini, akatuangalia, akaacha.

"Taja," nilimwambia.

Tulianza na jiografia, kwa sababu ndiyo iliyomuuma. Somo alilolifundisha maisha yake yote, alikuwa amepata S, ambayo hata ufaulu wa kwenda chuo haiitwi. Nilifungua. Swali la kwanza, badala ya insha, alikuwa ameandika hoja fupi fupi zenye namba, na mbele ya kila hoja ameweka alama inazostahili. Nilisoma mara mbili ndipo nikaelewa. Alikuwa ameandika mwongozo wa kusahihishia. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa na mistari miwili tu na nafasi kubwa nyeupe.

"Hapa kulikuwa na nini, Mwalimu?"

"Swali lilitungwa vibaya."

"Ukafanyaje?"

"Nikalisahihisha."

"Ukalijibu?"

Akaangalia mchele. Mama ndiye aliyeanza kucheka, kisha mwenye duka la jirani, kisha mimi, na mwisho yeye mwenyewe, taratibu, tumbo lile lililopungua likitikisika kama zamani. Alicheka mpaka akafuta macho kwa mfuko wa shati. Akasema kwa sauti ya kunong'ona kwamba gete, kweli kabisa, hao wote wako shamba la jirani, na shamba lenyewe ni la mwalimu.

Tulikaa pale juu ya magunia mpaka wateja wakawa wanahudumiwa kwa kupitishiwa mchele juu ya vichwa vyetu. Kiswahili kilikuwa na waliolala njiani wachache. Herufi bado alikuwa anazipamba. Historia ilikuwa ngumu zaidi. Mada nzima mbili hakuwa amezisoma, kwa sababu wakati wake hazikufundishwa hivyo. Aliziangalia muda mrefu. Akasema hao hawajazaliwa. Nikamuuliza zimebaki wiki ngapi. Akasema kumi. Mama, ambaye hajui pointi wala tahasusi lakini amekulia kwenye mifugo, akasema kwa wiki kumi inategemea ng'ombe alikwisha pandwa au bado. Mwalimu akamwangalia mama kwa heshima mpya, akaandika jambo kwenye kitabu chake.

Alipomaliza kutaja nilimfungulia kopo. Akachukua kona zake tatu, akazipanga kwenye kiganja, akazisoma. Alisema anazijua. Akazitia kwenye mfuko wa kulia, wa viazi, na akanunua kilo mbili za mchele.

Mwezi wa saba nilikuwa porini, kwenye eneo la wachimbaji wadogo nje ya Geita, tunapima mpaka kati ya mashimo yao na shamba la mihogo, simu ikaita. Yeye. Alianza kwa kunieleza swali la pili la jiografia la mtihani wa taifa, jinsi lilivyotungwa vibaya, na jinsi alivyolijibu hivyo hivyo lilivyo, kwa insha, akiuma meno. Akaeleza mada ya historia iliyotoka, ambayo alikuwa ameimaliza kusoma Jumapili ya kabla yake. Nilisimama juani nimeshika simu, vijana wangu wakinisubiri, sijui nicheke au nimkatishe. Nikamuuliza matokeo.

"Wamerudi wa kutosha," alisema.

Nilikaa chini palepale kwenye kifusi. Nikamuuliza wangapi. Akasema Kabula, ng'ombe hahesabiwi, akacheka, akaongeza kwamba mwezi wa kumi na moja anaanza chuo, shahada ya historia, na kwamba atakaa bweni kama wenzake. Je, naweza kumtafutia tranka? Nilimnunulia la bati, la bluu, lenye kufuli mbili. Mama alijaza nusu yake mchele, ili na yeye asafiri na mawe.

Namba yake ya mtihani ninayo. Aliniandikia siku ile pale sokoni, nyuma ya bahasha. Matokeo yapo mtandaoni, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyaona. Sijayafungua.